Jiwe Kwanza, Geti Baadaye

Najua mnachosema mkiwa kule kitaluni mnajaza viriba udongo. Mnasema Bi Minza ana mambo yake. Kila Jumamosi ya msimu wa wageni, kabla geti halijafunguliwa, anashuka peke yake mpaka ziwani, anaokota jiwe, analirusha, anasimama kidogo kama mtu anayesali, kisha anapanda bila kumsemesha mtu. Mmoja wenu aliapa kwamba natambikia. Mwingine akasema nina jini la majini ninalolilisha. Mimi, Mkatoliki wa ubatizo na kipaimara! Sasa nimestaafu, funguo za geti ziko mikononi mwenu, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuniuliza uso kwa uso, nimeona niwaandikie.

Habari za vyeo sina. Bustanini mwenye reki na mwenye toroli wote hurudi nyumbani na kucha nyeusi. Nitawaeleza habari za woga, maana kazi hii nimeifanya kwa woga tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na sioni aibu kulisema hilo.

Nilipoingia hapa, nyumba hii ilikuwa bado ya mapumziko ya shirika moja la umma. Wakubwa walikuja kupunga upepo, wakaondoka, na sisi tukabaki na majani yao. Mtunza bustani mkuu alikuwa Mzee Magesa, Mkerewe mrefu, mkavu, jicho lake la kushoto jeupe kama yai lililomenywa. Nilimkuta anachochea mboji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaogopa nini wewe?"

Nilidhani ananipima moyo. Nikajibu kwa sauti, "Siogopi kitu, baba."

"Basi rudi kwenu. Mtu asiyeogopa kitu siwezi kumfundisha. Atanifia mikononi."

Hakunirudisha. Alinizungusha bustani nzima siku ile, akinionyesha mambo ya kuogopa kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni vyumba. Huko juu kwenye miamba, usitie mkono kati ya mawe kabla hujapiga fimbo, maana nyoka naye anapenda kivuli. Ukikata minyaa, jifunge kitambaa usoni na upepo uwe mgongoni mwako, kwa sababu maziwa yake yakiingia jichoni hutasahau. Hapo aligusa jicho lake jeupe, akaendelea kutembea. Mwisho tukafika chini, ukingoni mwa ziwa. Wakati huo kati ya ukoka na maji ulisimama ua mzito wa minyaa, umri wake mkubwa kuliko nyumba.

"Huu si wa urembo," aliniambia. "Upande wa pili kuna wenyewe."

Wenyewe ni mamba. Waliwahi kuondoka na mbwa wa mlinzi, kamba na yote. Tangu siku hiyo sikuwahi kuupa ule ua mgongo.

Nilijifunza kwake kila ninachokijua. Alinifundisha kujua kiu ya waridi kwa kugusa jani, kujua udongo uliochoka kwa kuunusa, kujua kwa unyayo mahali ukoka ulipoanza kuoza. "Macho yanapenda kukubali haraka," alikuwa akisema. "Kitu kikiwa kibichi, yanasema kizima." Nilidhani ni maneno ya mtu aliyebakiwa na jicho moja na anataka kulipatia heshima.

Kisha ikaja miaka ya tisini, na neno lenyewe la miaka ile: kupunguzwa. Mtu akikuuliza habari za mumeo, unamjibu, amepunguzwa. Viwanda vilipunguza, mashirika yalipunguza, hata kwaya ya parokia yetu ilipunguza sauti ya tatu kwa sababu wenye sauti yao walirudi Magu kulima mpunga. Nyumba hii ikauzwa kwa familia ya wafanyabiashara wa hapa mjini. Bwana hatukumwona sana. Aliyetushika ni mke wake, Mama Zeituni, mwanamke mnene, mwepesi wa mguu, mpenda maua kweli kweli. Alitukusanya barazani, akasema bila kumung'unya maneno, "Mimi sina shirika, nina mfuko wangu. Nitabaki na wenye nguvu na wenye macho." Tulikuwa kundi zima. Jioni yake tulibaki Mzee Magesa, mimi na mlinzi.

Huyu Mama Zeituni ndiye aliyeleta hii desturi mnayoiona leo. Kiangazi kikishika, mji mzima umekuwa rangi ya vumbi, bustani za kandokando ya ziwa ndizo zinabaki kijani. Akakubaliana na wenzake wenye bustani kwamba Jumamosi za kiangazi wafungue mageti, watu wazunguke kutoka bustani moja hadi nyingine, watazame. Mwanzoni watu walicheka. "Twende kutazama maua? Yanaliwa?" Lakini walikuja. Walikuja manesi, walimu, watawa, wenye maduka na watoto wao, wasichana wa maofisini waliotaka kupigwa picha kwenye bogenvilia. Na walikuja wezi. Msishangae. Mwanamke wa heshima zake, ushungi safi, anakusalimia vizuri, kumbe mkoba wake umejaa vipandikizi vya waridi alivyovikwanyua nyuma ya mgongo wako. Ukimshika anakwambia ua haliibiwi, linaombwa kimyakimya.

Mzee Magesa ndiye aliyekuwa akiwaongoza. Watu walimpenda. Na hapo ndipo woga wangu mkubwa ulipoanzia.

Asubuhi moja, msimu wa pili wa wageni, niliacha toroli katikati ya njia. Mzee, ambaye zamani akiwa barazani aliweza kuona kiwavi kwenye maua ya kana kule chini, alikuja moja kwa moja, akalipiga muundi, akaanguka nalo. Nikajiinamia nikisubiri matusi. Hayakuja. Alikaa pale chini anajipapasa mguu, akauliza polepole, "Limekuwapo hapo muda wote?"

"Ndiyo, baba."

"Basi na hili la pili limekwisha. Mtoto wa jicho. Naona mwanga, naona giza, watu nawaona kama moshi."

"Twende hospitali, baba!"

"Nikienda nitalazwa. Nikilazwa, mama atauliza nimelazwa nini. Akishajua..." Akapitisha mkono hewani kama anayefyeka majani. Kule Ukerewe alikuwa na mke mgonjwa na wajukuu yatima waliomtegemea yeye. "Minza, mwanangu, usinitaje."

Sikumtaja. Nilimpa macho yangu, na wallahi yalikuwa macho yenye kazi. Nilitembea upande wake wa kulia na kusema mambo ya kijinga, "Baba, kana hizi leo zimechangamka," ili ajue tumefika kwenye kana. Mgeni akinyoosha mkono kumsalimia, nami nasema, "Baba, dada huyu anakusalimia," kabla mkono haujaning'inia hewani. Njia za juu alizijua kwa unyayo. Huko chini alikuwa na ule ua wa minyaa, harufu yake na kivuli chake. Tena wageni walimpigia makofi! Alikuwa akifumba macho, anasugua jani, ananusa, anataja mmea, anataja na mmea mama ulikotoka. Walidhani ni mchezo. Nami nilipiga makofi pamoja nao, viganja vimelowa jasho.

Nikisikia viatu vya Mama Zeituni kwenye saruji, moyo unanipasuka: leo amejua.

Kisha akaja na jambo lake la mandhari. Alisimama barazani, mikono kiunoni. "Mzee, ule ua unaziba ziwa. Watu wanakuja bustani ya ziwani, ziwa hawalioni. Ukateni."

"Mama, unaziba na vingine," alisema Mzee.

"Mamba gani tena zama hizi? Kateni, mzee wangu. Muache mawe tu pale ukingoni."

Tukajifunga vitambaa, tukakata. Ilikuwa kama kuvua nguo mbele ya watu. Ukoka ukatelemka mpaka majini, na kwa kuwa ukingo wetu ni wa chini, maji yalikaa karibu usawa mmoja na majani, yametenganishwa na mstari wa mawe yasiyofika hata gotini. Mzee alisimama amegeuza shingo.

"Umebaki mpaka gani?"

"Mawe tu, baba."

"Mawimbi yanayapiga. Unasikia? Nitayasikiliza."

Kweli, usiku na mchana ziwa letu lilikuwa likilamba yale mawe, plap, plap, na Mzee alisimama mbali nayo kiasi cha mtu mwenye adabu. Lakini mimi sikuwa na raha. Mpaka wa sauti ni mpaka gani?

Miaka ile ile ndiyo magugu maji yalipolivamia ziwa. Ninyi mmeyakuta, mnayaona kama kitu cha kawaida. Sisi tuliyaona yakija. Yalikuwa kama visiwa vya kijani vinavyotembea na upepo, vimejaa maua mazuri ya zambarau, leo viko kwa jirani, kesho vimehama. Pantoni ya Kigongo ilinasa humo na abiria wake. Shangazi yangu alikuwa anakwenda mazishini upande wa Busisi, akafika matanga yamekwisha kuanuliwa, akala makombo. Mama Zeituni, kwa kupenda maua, aliomba tumletee mche mmoja aweke kwenye beseni la barazani. Mzee alikataa katakata. "Lile si ua, mama. Ni mlango usio na nyumba." Kwenye ghuba yetu yalikuwa bado hayajafika.

Jumamosi yenyewe ilianza vizuri. Kundi la asubuhi tulilishusha, tukalipandisha, ziwa linalamba mawe yake, mimi kuliani kwa Mzee. Adhuhuri upepo ukageuka, vitambaa vya meza vikapeperuka, tukawa tunafukuzana navyo huku juu tukiwagawia wageni chai na mandazi. Hakuna aliyeshuka chini kwa muda mrefu.

Kundi la alasiri lilikuwa kubwa. Lilikuwa na Salma pia, mjukuu wa Mama Zeituni, mtoto ambaye hata meno ya mbele yalikuwa hayajaota upya. Alimpenda Mzee Magesa kuliko babu zake wa kweli. Akamshika mkono, "Babu, leo mimi ndiye nakuongoza." Watu wakacheka. Mimi nikajipanga upande wangu wa kulia, tukaanza kushuka. Kwenye ngazi za waridi nikasikia kilio nyuma, "Yesu na Maria, nakufa!" Mwalimu mkuu mmoja wa kike alikuwa ametia mkono mzima kwenye waridi kutafuta kipandikizi, miiba imemkamata mkono wa gauni, mkoba umemwagika, siri yote iko chini. Aling'ang'ania bega langu. Nikawa namnasua huku nikitazama chini.

Nikaona bustani imekua.

Nawaambia kama nilivyoona. Ukoka ulikuwa umeongezeka, umekwenda mbele sana, kijani safi, tambarare, na kwa mbali umetapakaa maua. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa: tumemwagilia vizuri mwaka huu. Kundi zima lilikuwa likitelemka kuelekea kule kwa furaha, Mzee na Salma mbele, na mtu mmoja nyuma yao alisema, "Hapo ndipo pa kupigia picha." Kisha nikahisi kitu kinakosekana, sikujua ni nini, mpaka nywele zikanisimama. Ziwa lilikuwa halilii. Hakuna plap. Magugu yalikuwa yameingia ghuba nzima yakayafunika mawe na kuyanyamazisha maji, na yule mzee alikuwa anatembea akisikiliza mpaka ambao haupo tena.

Nilimwacha mwalimu na miiba yake. Nilikimbia. Nilitaka kuita, na nikafikiri kwa hatua moja tu kwamba nikisema "baba, simama, huoni!" nimemmaliza. Hatua ya pili sikufikiri tena, nilifungua kinywa niite, na sauti haikutoka. Mpaka leo nikiota ndoto mbaya, ni ile: ninakimbia, kinywa wazi, na hakuna kinachotoka.

Nilimsikia Salma. "Babu, maua!"

"Yapi, mjukuu wangu?"

"Yale ya zambarau. Mengi mengi! Njoo!"

Mzee akasimama ghafla. Baadaye aliniambia kilichomsimamisha: bustani nzima aliipanda yeye kwa mkono wake, na ua la zambarau huko chini hakupanda. Akategesha sikio kutafuta mawe. Hakuyapata.

"Salma, usinivute. Rudi hapa."

Lakini mtoto alikwisha kuruka kuchuma. Alizama bila mlio. Hata chubwi haikusikika. Majani yalifunguka, yakamla mpaka kichwa, yakaanza kufunga, na kilichobaki juu ni kiganja kimoja tu kilichokuwa ndani ya mkono wa Mzee. Mzee hakuuachia. Alijitupa kifudifudi, kifua juu ya yale mawe aliyoyapoteza, akavuta. Mimi nikafika, nikamshika mkanda wa suruali, nikavuta na mimi, mlinzi akanishika mimi. Mtoto akatoka na mizizi imemzunguka shingoni, hana kiatu, anatapika maji. Pale alipotoka pakajifunga kana kwamba hapajawahi kufunguliwa. Kisha, mbele kidogo tu, majani yakainuka, yakasogea kinyume cha upepo, yakatulia.

Mlinzi alisema huenda ni samaki, kamongo. Huenda. Sikwenda kuuliza.

Mama Zeituni alikuja mbio, sandali moja mguuni. Alimkumbatia mjukuu wake, akalia, akamgeukia Mzee mbele ya watu wote. "Mzee wangu, Mungu akupe umri! Sisi wote hapa tuliona ukoka. Wewe peke yako umeliona ziwa. Na mimi nilikuwa nawaza nikupunguze kwa uzee! Kwa macho haya utakaa hapa mpaka uchoke mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikafinya shati la Mzee kwa nyuma. Tumepona, baba. Nyamaza, tumepona.

Mzee alikuwa bado amekaa chini, anatetemeka mwili mzima, kifua kinatoka damu, na kiganja cha Salma kilikuwa bado mkononi mwake, hakikubali kubanduliwa.

"Mama," akasema, "mimi sioni."

Watu wakacheka, wakidhani anatania.

"Sioni, mama. Hata wewe sikuoni. Nimekujua kwa sauti."

Kicheko kikakatika. Mama Zeituni akanitazama mimi. "Minza, ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Alikibandua kiganja cha mtoto kidole kwa kidole, akambeba, akapanda naye nyumbani. Wageni wakamfuata mmoja mmoja kama watu wanaotoka mazikoni. Sisi tukabaki pale tunasubiri kupunguzwa, mimi nimekaa kati ya Mzee na maji. Jua lilipokaribia kuzama alishuka peke yake, macho mekundu, akasimama mbali na ukingo. "Pandeni ua," alisema. Akarudi juu.

Tuliupanda kuanzia kesho yake. Mzee alichomeka minyaa kipande kwa kipande kwa mikono yake, na nilipotaka kumfunga kitambaa usoni alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Unalinda nini humo?" Nilimfunga hivyo hivyo. Ua ulipokwisha, Mama Zeituni alimpeleka hospitali yeye mwenyewe, na lile jicho likarudi nusu, akawa anaona mlango na moto wa jikoni. Kazini hakumrudisha, wala Mzee hakuomba. Mimi alinibakiza. Nadhani ni kwa sababu nilimjibu kweli aliponiuliza, lakini hakunieleza kamwe.

Siku ya kusafiri nilimsindikiza bandarini kwenye meli ya Ukerewe. Nilikuwa na hasira naye, nikaitoa. "Kwa nini ulisema, baba? Ulikuwa umekwisha kupona! Alikuahidi mbele ya watu!"

"Nyuma yangu siku ile walikuwapo watu wengi?"

"Wengi."

"Ningenyamaza, Jumamosi iliyofuata wangekuwa nyuma yangu tena." Akatoa kisu chake cha kupandikizia, hicho mlichokirithi, akanitia mkononi. "Sasa watakuwa nyuma yako. Una macho mazima, nakuonea huruma, yatakudanganya kama yalivyowadanganya wale. Kila siku ya wageni, jiwe kwanza, geti baadaye. Rusha, usikilize. Usiliachie ziwa likueleze kwa kijani."

Hilo ndilo tambiko langu, wanangu. Ua upo, mrefu kuliko ninyi, na bado mimi nilipita kwenye kimlango chake nikarusha jiwe, kila msimu, miaka yote hiyo. Kuna asubuhi ambazo jiwe halikulia. Wageni walinung'unika getini, mwenye nyumba alinuna, na geti sikulifungua mpaka upepo ulipoyahamisha magugu. Mkicheka chekeni, lakini rusheni.

Jumamosi iliyopita, siku yangu ya mwisho, nilishuka kama kawaida. Kulikuwa kijani kote, sikutaka kukitazama. Nilifumba macho kama Mzee, nikarusha, nikasimama na funguo mkononi. Nyuma ya geti niliwasikia watoto wa wageni wakicheka.

Chubwi.

Nikapanda kuwafungulia.